Kiti cha Kando ya Mjomba

Busawe, 14 Januari 1957

Kaka yangu Kornelio,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Waisiko, yule mchuuzi wa ngozi, maana anasema ataingia Tarime kabla ya Jumapili. Hapa nyumbani hatuumwi. Kidonda cha mguu wa Joram kimefunga na amerudi kuchunga mwenyewe. Mtama wa shamba la chini umesimama vizuri, ila wa juu ndege wametangulia kuvuna. Marwa mdogo ametoa meno mawili na kila akinyonya ananikumbusha. Wifi Teresia mwambie kile kitambaa alichonitumia nimekishona, nakivaa Jumapili tu.

Sasa neno lenyewe. Shemeji yako amekubali. Gati aje kwenu asome. Imechukua siku nyingi, maana alisema mtoto wa kike wa miaka sita hana haja ya kwenda mbali hivyo, lakini nilimwambia si mbali kama yuko kwa mjomba wake. Basi ukileta chumvi na sabuni kwenye duka la hapa, mchukue. Nguo zake nimeshazifua.

Nakuomba jambo moja, kaka. Usimweke nyuma ya gari. Mtoto wa Kisyeri, jirani yetu, alianguka kutoka nyuma ya lori mwaka jana, na mpaka leo anatembea mguu umepinda. Najua gari lako lina bodi ya mbao na benchi mbili ndani, si lori wazi, lakini huko nyuma ni magunia na vumbi, na Gati ana kifua. Mweke mbele, kando yako. Huko kuna mlango na kioo, ni kama yuko ndani ya nyumba. Nami nitamwona akinipungia mkono.

Ndimi mdogo wako,
Philomena


Tarime, 10 Februari 1957

Mdogo wangu Philomena,

Salamu kwako, kwa shemeji Joram na kwa Marwa mwenye meno. Sisi tupo. Mvua huku imenyesha siku tatu mfululizo na ukuta wa jiko letu umelainika upande mmoja, nimeuegemeza mti. Padre mpya amefika, kijana, anajifunza Kikurya na watu wanacheka kanisani, lakini anavumilia. Teresia anakusalimu sana. Alikuwa amemtengenezea Gati kitanda cha kamba kabla hata sijaondoka kuja huko.

Nisamehe kwa kuchelewa kuandika, siku kumi na tano si chache. Kazi ilikuwa nyingi. Tulifika. Gati yupo, anakula. Alijikwaruza usoni kidogo njiani, kwa hiyo shule hajaanza bado, tumeona apumzike kwanza. Usiwe na wasiwasi.

Mwambie Joram ile dawa ya kupe aliyoniagiza nimeipata, nitaituma na Waisiko.

Kaka yako,
Kornelio


Busawe, 28 Februari 1957

Kaka Kornelio,

Shikamoo. Dawa ya kupe imefika, Joram ameshukuru. Tunapalilia. Mama yake Joram amekuja kukaa nasi, macho yamemfifia, ananiuliza kila asubuhi Gati amekwenda wapi, namjibu, kesho yake anauliza tena.

Kaka, tulikubaliana ukiniandikia, Gati naye achore kitu chini ya barua, hata mstari, nijue mkono wake umepita hapo. Niliitazama karatasi yako pande zote mbili. Halafu Waisiko alipoleta dawa alisema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba alimwona Teresia amekaa barazani hospitalini na mtoto aliyefungwa kitambaa cheupe kichwani. Nilimwambia huenda ni mtoto wa jirani. Akasema huenda.

Joram sijamwambia. Niandikie. Mkwaruzo haufungwi kichwa kizima.

Philomena


Tarime, 31 Machi 1957

Mdogo wangu,

Nakusalimu katika Kwaresima hii. Poleni na mama mkwe, uzee ni kazi. Sisi tunaendelea. Jirani yetu alipoteza ndama wawili kwa ugonjwa wa miguu. Teresia ana mafua.

Uliuliza. Ni kweli Gati alikwenda hospitali ya misheni. Aligonga uso ndani ya gari, njiani, upande wa Kewanja. Sasa ametoka, yuko nyumbani. Jicho moja bado wamelifunga, wanasema linahitaji kupumzika. Meno mawili ya mbele yametoka, lakini hayo yalikuwa ya utotoni, yangetoka tu.

Amechora hapo chini. Anasema ni kuku.

Kornelio


Busawe, 16 Aprili 1957

Kaka,

Shikamoo. Mto umejaa. Watu wa ng'ambo hawavuki, na barua hii sijui itakaa kwa karani wa duka wiki ngapi. Kama mto ungekuwa chini ningekuwa nimeshafika kwako na Marwa mgongoni.

Kuku nimemwona. Ana jicho moja tu, kubwa, na miguu mitatu. Nimekaa na kuku huyu siku nzima.

Unasema aligonga uso ndani ya gari. Gari lilianguka wapi? Liligonga nini? Waisiko anasema gari lako linatembea Tarime kila siku na halina hata alama. Mtu anagongaje uso ndani ya gari zima? Na jicho linalopumzika tangu Januari litaamka lini? Mimi si mgeni wako, Kornelio. Tulilala ngozi moja tukiwa wadogo. Kama ni la kusema, liseme kwa sauti kwanza kabla hujaliandika, ulisikie.

Joram nimemwambia kwamba Gati ameumia. Anakaa na mkuki wake anaupaka mafuta.

Philomena


Tarime, 12 Mei 1957

Mdogo wangu Philomena,

Nakusalimu wewe, na Joram, na mama mkwe. Hatuna habari nyingine wiki hii, nami sitazitafuta.

Jicho la kushoto halioni. Daktari alijua tangu siku ya nne. Mimi nilijua siku hiyohiyo, na nimekuandikia barua mbili nikiwa najua.

Nitakueleza ilivyokuwa. Tulipoondoka kwenu ulisimama kando ya duka, naye akakupungia mpaka kona. Nyuma kulikuwa na mwanamke mmoja, Wegesa, mjamzito, na dada yake, wamekaa kwenye benchi kando ya magunia. Benchi ya pili ilikuwa tupu. Gati alikaa mbele kando yangu. Kiti kile ni kipana, akiegemea miguu inaning'inia hewani na haoni chochote ila mbingu. Akaniambia, "Mjomba, sioni njia." Nikamwambia asogee ukingoni, asimame, ashike mbele kwa mikono miwili. Ni mimi niliyemwambia. Tulivuka mto maji yakiwa chini, akacheka mpaka akakohoa. Alitaja kila kitu kwa jina, mbuzi, jiwe, mtu, mbuzi tena.

Unajua mimi na Teresia Mungu hajatupa mtoto. Miaka minane ninaendesha, na kiti kile wamekaa wageni wa tajiri mwenye gari, makarani, mke wa tajiri. Siku ile nilikuwa napita kwenye vijiji na mtoto kando yangu. Nilipunguza mwendo mahali penye watu ili watuone. Hilo sijamwambia hata padre.

Baada ya Kewanja njia inashuka. Sikuwa nakimbia. Ndama akatoka kichakani, nikakanyaga breki, na gari likasimama kabla halijamgusa hata mkia. Lilisimama vizuri sana. Gati hakusimama nalo. Nilinyoosha mkono wa kushoto kumshika, nikashika gauni. Kipande cha gauni kilibaki mkononi mwangu na uso wake ukaenda kwenye kioo.

Wegesa na dada yake walitoka nyuma wakipangusa vumbi. Hawakuwa na hata mchubuko. Mwenye ndama alikuja, mzee mmoja, akamtazama ndama wake kwanza, halafu akaja dirishani. Akasema, "Wangu ni mzima, mura, kijana. Wako je?"

Nilimjibu, "Wangu ameumia."

Hospitalini daktari alimtibu kwanza, hakuniuliza kitu. Siku ya tatu ndipo alipouliza alikuwa amekaa wapi. Nilipomwambia, akamkalisha Gati kwenye kiti cha pale wodini, akanionyesha miguu yake kwa kidole. "Unaona haifiki chini? Gari likisimama, mwenye miguu hii hana cha kujizuia nacho. Anaendelea na safari peke yake." Nikamwuliza kama ningempa mtu mzima ampakate. Akasema mapaja ya mtu si ukuta, na mtu mzima akirushwa mbele anamponda mtoto aliyempakata. Nikamwuliza basi ni miaka mingapi ndipo mtoto akae mbele. Akasema si chini ya kumi na miwili, na hata hapo nitazame kwanza kama mgongo wake unagusa kiti na nyayo zinagusa sakafu. Wadogo wakae nyuma, ndani, kwenye benchi, waketi chini wala wasisimame. Alisema hayo bila ukali. Ningependa angenigombeza.

Benchi ya pili ilikuwa tupu, Philomena.

Kornelio


Busawe, 9 Juni 1957

Kornelio,

Barua yako ilifika Jumanne. Niliisoma peke yangu shambani, kisha nikaja nikamsomea Joram, maana yeye hajui kusoma. Nilimsomea yote, ila pale unapotaja jinsi ulivyopunguza mwendo ili watu wawaone. Hapo niliruka.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Nani alisema akae mbele?"

Nilikuwa nimeshika karatasi. Niliitazama kama vile jibu limeandikwa humo. Hukuandika. Kurasa nne, na popote hukuandika kwamba ni mimi. Nikanyamaza. Akangoja kidogo, akadhani amejibiwa, akasema mguu wako usikanyage tena boma lake, na kwamba Gati arudi. Akaenda zizini.

Zimepita siku tano sasa na bado nimenyamaza. Ninapika, anakula, anakutukana, ninamwongezea mchuzi.

Mlete mtoto.

Philomena


Tarime, 2 Julai 1957

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Gati anakusalimu, na amesema nikuandikie kwamba meno mapya yameanza kuchomoza. Ameanza shule mwezi uliopita. Mwalimu alimweka dawati la mbele upande wa kushoto, ili jicho zima litazame ubao. Watoto walimwita jina siku mbili za kwanza. Siku ya tatu alimpiga mmoja, wakaacha. Nimemkanya, lakini si sana.

Juu ya lile uliloandika. Usimwambie Joram. Uliomba vile ulivyojua, na ulikuwa unamwepusha na yaliyompata mtoto wa Kisyeri. Mimi ndiye dereva. Usukani ulikuwa mikononi mwangu, na aliyemwambia asimame si wewe. Acha iwe yangu, mimi siishi naye nyumba moja.

Nina habari nyingine. Kazi nimeiacha, au imeniacha. Mkwe wa tajiri alitaka nimpeleke Sirari, yeye na mwanawe wa miaka minne. Akakaa mbele, mtoto amesimama mapajani mwake. Nikazima gari. Nikamwomba kwa heshima wakae kwenye benchi ya nyuma, nimepangusa vumbi. Alidhani ninamdharau, maana mbele ni mahali pa wakubwa, na nyuma wanakaa wafanyakazi. Tajiri alitoka dukani akaniuliza tangu lini nimekuwa mganga. Nikamweleza habari ya Gati, naye anaijua, alimtumia biskuti hospitalini. Akasema ile ilikuwa bahati mbaya na hii ni amri. Nikaweka ufunguo mezani.

Saa ile ile akampa mwingine. Wakapita mbele yangu, mtoto amesimama kiti cha mbele, mikono kwenye kioo. Sikuokoa mtu. Nimepoteza kazi tu. Sasa nabeba matofali kwa mapadre wanaojenga.

Kwa hiyo sina gari. Shule ikifungwa mwezi wa nane nitamleta Gati kwa miguu, tulale Kewanja kwa ndugu wa Teresia. Kwa kuwa shemeji amekataza, nitaishia mtoni. Mwambie Waisiko aje amvushe, mimi nibaki ng'ambo nimtazame mpaka afike kwenu.

Kornelio


Busawe, 28 Julai 1957

Kaka yangu Kornelio,

Shikamoo. Mavuno ni mazuri kuliko tulivyofikiri. Marwa anatembea akishika kuta. Mama mkwe ameanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa, nami naitika.

Barua yako niliisoma mara moja tu. Pale uliposema utabaki ng'ambo ya mto, nilishindwa kuirudia. Jioni ile Joram alikuwa amekaa nje anachonga mpini. Nilimletea ile barua yangu ya Januari, uliyonirudishia pamoja na nguo za Gati zisizomtosha tena, nikamwambia hii ni barua yangu mwenyewe na nitamsomea. Nikasoma. "Mweke mbele, kando yako." Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine, lakini nilimaliza.

Hakunipiga, kama ulivyokuwa unaogopa bila kusema. Aliweka mpini chini. Akaniuliza kwa nini nilimwacha amtukane mtu mwezi mzima na zaidi. Alikwenda kwa kaka yake, akakaa siku mbili. Aliporudi alikunywa uji, kisha akasema, "Mimi pia nilikuwa nimesimama pale dukani. Nilimwona amekaa mbele, nikafurahi."

Njoo naye. Usiishie mtoni.

Philomena


Busawe, 8 Septemba 1957

Kaka yangu Kornelio,

Shikamoo. Najua ulifika Kewanja salama, Waisiko alisema alikukuta unakunywa chai huko. Wifi Teresia mwambie mahindi aliyotuma tumeyala yote, na kamba ya kitanda nitamtumia.

Nilitaka kukuandikia mambo ambayo hukuyaona. Wewe uliona Gati alipoingia uani, akageuza kichwa chote kunitafuta, na uliona nilivyokaa chini. Hukuona baadaye. Joram alipokusindikiza mpaka mtoni alirudi jioni macho mekundu. Sijui mlizungumza nini njia yote ile. Hakuniambia, nami sikumuuliza, na wewe usiniandikie.

Siku ya nne tulikuwa tunapura mtama, mimi na Gati. Alikuwa amekaa upande wangu wa kushoto, anajua kuchagua upande sasa. Akaniuliza, "Mama, ni wewe ulimwambia mjomba niketi mbele?" Nafikiri alimsikia baba yake. Au alisikia siku ileile ya Januari pale dukani, na amekaa nalo miezi yote hii kwenu bila kuwaambia.

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia nilidhani ndipo pazuri, na nilikosea, na mjomba alikosea, na baba yake aliona akafurahi. Nilimwambia yote kama unavyomwambia mtu mzima. Alipura kidogo. Halafu akasema, "Niliona mto wote. Mpaka unapopinda." Akanyoosha kidole upande ambao hata mto hauonekani kutoka hapa. Nililia, naye akaendelea kupura, na mpaka leo sijui kama alinisamehe au alikuwa ananieleza tu alichokiona.

Kesho yake alimwambia baba yake anataka kurudi shule. Alisema ameachwa nyuma hesabu kwa sababu ya hospitali, na yule mtoto aliyempiga sasa ni rafiki yake. Mimi nilitaka kukataa, kaka, nisikufiche. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Lakini Joram akasema aende, mradi asiende peke yake.

Kuna basi jipya linapita hapa Jumatatu kwenda Tarime, Waisiko amelipanda, anasema lina viti vyenye migongo na mlango unaofungwa. Nilikwenda mwenyewe dukani lilipopita wiki hii, nikamwambia dereva anifungulie. Nilipanda nikakaa kila kiti cha katikati, nikatazama. Kile cha mbele kando yake alinipa kwa heshima, akasema mama mwenye mtoto hukaa hapa. Nikamwambia hapana, na nikamweleza kwa nini, abiria wakisikia. Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto mbele. Alinitazama, akakaa palepale. Basi lilipoanza kuondoka lilisimama tena, na nikamwona kupitia madirisha anahamia nyuma.

Mimi sijawahi kusafiri kwa gari maishani, wewe unajua. Ninaliogopa. Marwa atabaki na bibi yake na Joram. Nitakaa na Gati safu ya katikati, yeye ndani, mimi upande wa kushoto, awe anaona upande wake na mimi nimwonee upande wa pili. Mje kutupokea Jumatatu ya tarehe kumi na sita, na usije peke yako, njoo na Teresia. Nataka kumshukuru uso kwa uso.

Mdogo wako,
Philomena